Kufuli Langu, Jina la Hannah

Tuliachana wiki jana nikiwa nimesimama katikati ya saluni tupu pale Al Sadd, nimezungukwa na viti vya rangi ya dhahabu, kazi imekwisha na ruhusa ya kutoka Doha sina.

Kwa anayeingia leo, mimi ni Kerubo, msusi, mzaliwa wa Kisii. Niliahidiwa kazi ya mapokezi hotelini, nikafika Qatar nikakabidhiwa sufuria za watu nisugue. Baadaye Mungu akanivusha mpaka saluni ya Madam Rima. Miaka minane imekwenda hivyo. Binti yangu Michelle nilimwachia dada yangu Charity akiwa bado ananyonya. Baba yake aliikana mimba, kwa hiyo huyo tusimharibie wino.

Michelle aliponijua, alinijua kwa simu. Charity akawa "Mama". Mimi nikawa "Mama Doha". Watu walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda bafuni nikafungua maji yatiririke.

Sasa Madam Rima alipofilisika akarudi kwao Beirut, hakuwa na kiinua mgongo cha kunipa. Alinipa saluni yenyewe. Viti, sinki za kuoshea nywele, draya za kusimama, vioo vyenye taa pembeni. Aliniambia nivichukue vyote nikajifanyie maisha, akanikumbatia, akapanda teksi.

Ndugu msomaji, elewa hapa ili usinihukumu mbele. Vile viti ndivyo vingenirudisha kwa mtoto wangu. Nikiwa na saluni Kisii, ningekaa nyumbani, nimwamshe Michelle mwenyewe, nimfunge viatu mwenyewe. Bila hiyo, ningekaa likizo, unga ungeisha, na wakala angenipeleka tena Ghuba kuanza moja.

Ila viti viko Doha na Kisii iko kule. Vitavukaje?

Hapo ndipo niligundua kwamba kila Mkenya wa Doha ni bingwa wa kusafirisha mizigo. Hata askari wa getini ambaye hajawahi kutuma kwao zaidi ya blanketi, alikuwa na msimamo. Wengine walisema lori. Wengine walisema kontena. Baada ya ibada ya Ijumaa watu walisimama juani wakibishana mizigo yangu mimi kana kwamba ni uchaguzi mkuu.

Mtetezi wa lori alikuwa Jeremiah Kiprop, dereva, mtu mrefu wa Eldoret asiye na maneno mengi. Alinieleza polepole. Unakodi lori, yeye analiendesha, anapita Saudia mpaka Dubai. Huko kuna Njenga, Mkenya mwenye ghala, anautia mzigo kwenye meli kama bidhaa za biashara, ushuru unalipwa, na unakaa kwenye stoo yake Mombasa mpaka mwenyewe ufike na pasipoti yako. Kama si wewe, hautoki.

Ubaya wake hakuuficha. Mipakani wangefungua kila kitu, washushe, wapandishe, na vioo vingeweza kuvunjika. Pia mimi singeruhusiwa kupanda naye, kwa hiyo ningelazimika kumwamini.

Mtetezi wa kontena alikuwa Hannah.

Hannah na mimi tulikaa chumba kimoja Al Mansoura, kitanda cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Alifanya usafi hotelini. Alipofiwa na mama yake nilimlilia kama wangu. Nilipougua tetekuwanga, wenzetu walihamia chumba cha pili, yeye akabaki ananipaka mgongoni dawa ya waridi, ile ya kutuliza mwasho. Mtu mliyegawana naye mkate mmoja wa kuboos na chai kwa wiki nzima, huyo si rafiki tena, ni ndugu.

Hannah alisema lori ni kujitafutia presha. Kontena dogo linaletwa mpaka nyuma ya jengo letu, linawekwa pale kwenye uwanja wa mchanga watu wanapoegesha magari. Unalijaza taratibu ukitoka kazini. Unafunga kufuli lako, ufunguo unaweka shingoni, na hakuna mkono wa mtu unaoingia mpaka Mombasa.

"Lori lina mdomo wa dereva," aliniambia. "Kontena halina mdomo. Wewe unaamini nini, chuma ama mwanaume?"

Kwa maisha niliyoishi, hilo swali halikuwa na majibu mawili.

Lakini palikuwa na kikwazo. Huo ulikuwa mwaka 2014, na enzi hizo hukuondoka Qatar bila khuruji, ile ruhusa ya kutoka inayotolewa na kafili wako, yaani mwajiri aliyekudhamini. Kafili wangu alikuwa mbia wa Madam Rima. Hakunikatalia, maana angenikatalia ningejua moja. Alisema "bukra", yaani kesho. Mandubu wake, yule anayezungusha makaratasi ya wafanyakazi, naye alisema bukra. Saluni imefungwa, lakini wao wananipeleka kusuka wanawake majumbani huku wakitafuta wa kunirithi.

Na mwenye jengo la Al Sadd anataka chumba chake kiwe tupu.

Basi Wakenya wa Doha tulikuwa na desturi yetu. Mtu akipata khuruji ya kurudi nyumbani moja kwa moja, kontena linaandikwa jina lake, na wengine tunatia vitu vyetu humo. Ilisemekana bandarini hawamsumbui sana mtu anayerudi na vyombo vyake vya nyumbani. Huyo tulimwita mwenye jina. Anatangulia, anapokea, anagawa. Wengi walikuwa wamefanya hivyo, na tulihadithiana waliofaulu tu.

Hannah alikuwa na khuruji mkononi. Yeye ndiye angekuwa mwenye jina.

Sikukurupuka, nataka hilo lijulikane. Nilimpigia Charity. Nilimweleza yote, lori na kontena, Jeremiah na Hannah. Yeye na Hannah walikuwa wanajuana, maana nilikuwa nimewaunganisha mwenyewe kwenye simu miaka mingi, wakawa wanasalimiana hata mimi nikiwa kazini. Charity akasema mambo makubwa huombewa. Akaniombea hapo hapo, kwa Ekegusii, sala ndefu iliyonitoa machozi. Alipomaliza akasema moyo wake umetulia kwenye kontena.

Nami wangu ukatulia. Nilimwambia dada yangu mipango yote siku hiyo, kwa furaha. Kwamba nitapanga nyumba mjini karibu na saluni. Kwamba Michelle atahamia kwangu. Kwamba sasa naye apumzike.

Akasema, "Sawa, dadangu."

Kilichobaki ni kumwambia Jeremiah. Hannah alikuwa amekwisha kuniuma sikio kwamba yule dereva hana haja na mizigo, ananitaka mimi, na viti vyangu ni chambo tu. Nikamwendea Jeremiah kanisani mbele za watu nikamwambia atafute mke kwingine, vitu vyangu si mahari.

Hakukasirika. Aliniambia alikuwa anauza safari, mke anaye Eldoret. Kisha akauliza hilo kontena litakuwa kwa jina la nani. Nikamgeuzia mgongo.

Kontena likaja. Likashushwa mchangani nyuma ya jengo, la bluu, limebonyea ubavuni. Ijumaa asubuhi wanaume wa jengo letu wakajitolea. Nilipika chapati za kutosha kikosi. Vioo tulivifunga kwa yale mablanketi mazito ya manyoya ambayo kila Mkenya hupeleka kwao, ili blanketi lilinde kioo na kioo kisafirishe blanketi. Draya tulizilaza. Viti tukavipanga juu chini, na Hannah akawa ndani anaelekeza kama msimamizi wa ujenzi, jasho linamtiririka, anaimba.

Aliimba, jamani. Ndilo jambo ninalolirudia kichwani.

Nilikuwa nimenunua kufuli kubwa kuliko yote dukani. Nilifunga mwenyewe, nikatingisha, nikatia ufunguo kwenye mkufu. Hannah hakuuomba ule ufunguo. Alisema nikae nao mpaka tukutane Kisii tufungue pamoja. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilisema moyoni, kama mwizi angekuwa huyu, si angetaka ufunguo?

Ndugu yangu, kufuli hukatwa. Mwenye jina anasimama bandarini na pasipoti yake, anasema ufunguo ulipotea, mtu analeta mkasi wa chuma, basi. Hakuna anayeuliza ni shingo ya nani imebaki na ufunguo Al Mansoura. Lakini hayo niliyajua baadaye.

Hannah akaondoka. Nilimsindikiza uwanja wa ndege, tukalia mpaka dereva wa teksi akatuonea haya.

Huku nyuma, Laban kinyozi, ambaye tunasali naye, alikuwa amechukua lori la Jeremiah. Habari zikaja kwamba mpakani vitu vyake vilimwagwa chini vyote, kioo kimoja kikawa vipande, na lori likalala njiani kwa ajili ya karatasi moja. Nikacheka. Nilikwenda mpaka kwa Laban kumpa pole, lakini ukweli nilienda kujipongeza. Laban akasema ni kweli kioo kimevunjika, ila vingine viko kwa Njenga, vinamngoja.

Sikusikia lile neno, vinamngoja. Nilisikia kimevunjika.

Basi zikaanza habari za Hannah. Meli imefika. Bandari imejaa. Mtandao wa forodha umelala. Kuna mgomo wa wafanyakazi. Afisa aliyeshika faili yuko likizo. Kila wiki na lake. Nilipoanza kuingiwa na wasiwasi nikampigia Charity, naye akanithibitishia kwamba ni kweli, hata yeye ameteremka Mombasa na Hannah, wameliona kontena kwa macho, liko salama, ni subira tu.

"Kufuli lako bado linaning'inia," aliniambia. "Nililigusa."

Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kunipa dada wa aina hiyo. Kisha nikatuma pesa za kulipia kontena kukaa bandarini, nikarudi kwa mandubu kuulizia khuruji, akasema bukra.

Ndipo Kwamboka akarudi kutoka likizo.

Kwamboka ni muuguzi, anafanya kazi kliniki moja Al Sadd, na alikuwa mteja wangu tangu Madam Rima. Alinipigia niende kwake nichukue unga wa wimbi alioniletea kutoka nyumbani. Nikaenda mchana. Akafungua mlango amependeza, kichwa kimesukwa vizuri, mistari imenyooka, mwisho umefichwa.

Msusi haangalii uso kwanza. Nilimzungusha nikatazama kisogo. Ule msuko ulianza bila fundo, nywele zikiongezwa kidogo kidogo, upande wa kushoto ukitangulia. Hivyo ndivyo ninavyoanza mimi. Nilimfundisha mtu mmoja tu mtindo ule, chumbani kwetu Al Mansoura, akijifunzia kichwani mwangu mpaka akaweza.

Nikamuuliza ni nani aliyemsuka.

"Si kwako?" Kwamboka akasema. "Nimesukwa saluni yako. Na hongera, Kerubo, umetuheshimisha."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia saluni yangu bado iko ndani ya kontena, Mombasa.

Akanitazama kama unavyomtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa majibu yake. Alichukua simu, akatafuta picha, akanipa.

Viti vyangu vilikuwa vimepangwa mstari mmoja. Vioo vyangu ukutani, taa zinawaka. Hannah alikuwa kwenye sinki amemwinamia mtu. Dada yangu Charity alisimama katikati amevaa aproni, mkono kiunoni, anatabasamu kama mwenye mali. Juu yao pameandikwa Michelle Beauty Parlour, jina nililolichagua mimi kitandani nikiwa na tetekuwanga.

Na kwenye kiti cha mwisho ameketi Michelle mwenyewe, na sare ya shule, miguu haifiki chini.

Sikulia. Nilimuuliza Kwamboka saluni ilifunguliwa lini. Akasema alipofika likizo aliikuta, na wateja walikuwa wameizoea.

Kumbe wakati naambiwa kufuli linaning'inia, watu walikuwa wanaoshwa nywele kwenye sinki zangu. Pesa nilizotuma za bandari zililipa maji.

Nikampigia Hannah pale pale. Alipokea, akasikia sauti yangu, akajua. Hakukana. Alisema hana la kuniambia ambalo dada yangu hatanieleza vizuri zaidi, kwa hiyo niongee na dada yangu. Nilimwita nyoka. Nilimkumbusha dawa ya waridi, nikamkumbusha msiba wa mama yake, nikamuuliza kama mtu anaweza kumpaka mwenzake dawa mgongoni huku anatafuta pa kumchoma kisu. Alisikiliza mpaka nikachoka. Akasema pole, akakata.

Nikampigia Charity.

"Nilijua utapiga siku moja," alisema. "Afadhali imekuwa leo."

"Umeniibia, Charity."

"Nimekuibia viti. Wewe ulikuwa unakuja kuniibia nini?"

Sikuelewa. Nikamwambia asinizungushe. Hapo sauti yake ikabadilika. Nilikuwa naijua sauti ya Charity ya kuomba unga, ya kushukuru, ya kusalimia. Hii sikuwahi kuisikia.

Alisema miaka minane natuma pesa na kila mtu kijijini ananisifu, Kerubo anamlea mtoto. Yeye alikuwa anatuma nini? Michelle alipopata malaria ni nani alilala sakafuni hospitalini? Walikuja wanaume wawili kumposa, watu wazuri, wakasema mtoto wa mtu hawamtaki, akawakataa wote wawili. Hao sasa wana watoto wao. Yeye ana Michelle.

"Kisha unanipigia unacheka," alisema. "Unaniambia utapanga nyumba mjini uhamie naye, mimi nipumzike. Nipumzike na nani, Kerubo? Uliniuliza?"

Nikasema ni mtoto wangu. Nilimzaa mimi.

"Hilo halina ubishi. Ulimzaa."

Nikamwambia Hannah ndiye aliyempotosha, kwamba yule ni shetani, amemtumia. Charity akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Hannah alitaka uchukue lori," alisema. "Aliniambia yule dereva ni mwaminifu, tuachane na hii mambo. Ni mimi nilimwambia akusukume kwa kontena. Lori lingekungoja wewe. Kontena lingekuja kwangu."

Nilikaa chini. Kwamboka akaniletea maji, nikayashika tu.

Maana nilikumbuka ile sala. Nilikumbuka nimefumba macho kwenye ngazi za jengo letu, simu sikioni, machozi yananitoka, nikisema amina kila anapopumua. Kila mtu aliyeniibia duniani, tangu wakala wa kwanza Nairobi, aliniibia akiwa mgeni. Niliwasamehe kwa sababu hawakunijua. Huyu tulinyonya titi moja.

"Tuliomba pamoja, Charity," nikasema.

"Niliomba kweli. Niliomba Mungu anisamehe."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tu. Kama ilimuuma hivyo, kama alitaka tukae wote watatu, kama alitaka hata nusu ya saluni, ningempa. Wallahi ningempa. Mbona hakufungua mdomo?

"Ningefungua mdomo ungepeleka vitu kwa lori."

Mpaka leo ninapoandika haya sijui ningefanya nini. Naye hakungoja. Alisema Hannah ana nusu yake kwa ajili ya jina, nusu iliyobaki ni ya Michelle, na kama nina uchungu na mali ya mwanangu niende nimshtaki mwanangu. Simu ikafa.

Kwamboka alinishika mabega. Yeye hakujua lolote, alikuwa ameleta unga tu. Alinisihi nisifanye jambo kwa hasira, akasema polisi wapo, wazee wa ukoo wapo, picha anayo, ataisimamia. Nikamwambia polisi wataniuliza kontena lilikuwa la nani. Karatasi zote zinasema Hannah. Nitawaonyesha ufunguo wa kufuli lililokatwa?

Na hapo, msomaji wangu, simu yangu ikalia. Mandubu.

Leo hakusema bukra. Alisema mabruki, yaani hongera. Kafili amepata msusi mwingine, Mfilipino, anaingia wiki hii. Khuruji yangu imetoka. Viza yangu imefutwa, tiketi imekatwa, ndege ni Alhamisi, nisikose maana nikibaki baada ya hapo ni kosa langu na si lake. Alingoja nifurahi. Miezi yote hiyo nilikuwa nimemsumbua, nimempikia hadi pilau. Akaniuliza kama nimesikia.

Nikamwambia nimesikia, shukrani.

Basi naondoka Doha kwa nguvu, naenda Kisii bila kiti wala kitana. Lakini nitakudanganya nikisema viti ndivyo nilivyovifikiria. Nilifikiria jambo moja. Vitu vilikuwa njia tu. Mtoto bado ni wangu. Alhamisi napanda ndege, Ijumaa nasimama mlangoni pa ile saluni, Charity ashike viti vyake, mimi nishike mkono wa Michelle, tutaanzia hata chini ya mwavuli sokoni nikisuka watu juani. Sijawahi kushindwa na kazi.

Moyo ukaanza kupata nguvu. Nikafuta uso. Nikamuuliza Kwamboka kama ana namba ya pale saluni, maana simu ya Charity isingepokelewa tena. Alikuwa nayo, wateja hupewa. Nikapiga.

"Michelle Beauty, karibu," sauti ndogo ikasema, kwa adabu ya dukani.

Nikamwita jina.

Nyuma yake nilisikia draya inanguruma. Naijua sauti ya kila moja, ile ilikuwa ya pili kutoka mlangoni.

"Mama Doha?"

Nikamwambia ndiyo, ni mimi, na nina habari njema. Nakuja nyumbani. Si likizo, nakuja kabisa. Alhamisi napanda ndege.

Miaka minane nilikuwa nimeisubiri siku ya kulitamka hilo neno, na kila nilipolifikiria nilimsikia akipiga kelele, akiruka, akikimbia kuwaambia majirani. Hakupiga kelele. Nilisikia anavuta pumzi, kisha anasogea mbali na ile draya, mahali penye kimya.

"Kunichukua?" akauliza.

"Kukaa na wewe," nikasema. "Wewe na mimi."

"Na mama?"

Nikaanza kusema kwamba mama ni mimi, maneno yakanikwama katikati, nikasikia yanavyosikika. Michelle hakungoja nimalize. Aliweka mdomo karibu kabisa na simu, akanong'ona haraka, kama mtoto anayemwomba mwalimu asimpeleke kwa mkuu.

"Mama Doha, usikuje. Tafadhali. Mama analia usiku akidhani nimelala. Anasema ukikuja utanipeleka, atabaki peke yake. Mimi nakupenda, lakini usikuje. Tuma tu kadi za simu, nitakuwa nakupigia. Nitakupigia kila siku."

Nikamwita tena jina lake. Nilitaka kumwambia tiketi imekatwa. Nilitaka kumwambia sina pengine pa kwenda.

Kisha nikasikia sauti ya dada yangu inakaribia, visigino vinagonga sakafu.

"Michelle, ni nani huyo?"

Mwanangu hakusita hata kidogo.

"Ni mtu anauliza bei ya kusukwa," akasema, na akakata simu.